Kizibuo cha gesi: kwa nini kizibo kiligoma, kisha kikaruka chenyewe?

“Nina miaka 61 na vidole vyangu vimekakamaa kwa baridi yabisi. Kuzungusha kizibuo cha kawaida siwezi tena, kwa hiyo mwanangu akaninunulia cha gesi, kile chenye sindano ndefu na kopo dogo ndani yake. Kopo limeandikwa R134a. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mvinyo mwekundu iliyokaa kabatini, ikafunguka kwa kubonyeza mara moja, nikafurahi sana. Ya pili ilikuwa ya mvinyo mweupe, nimeitoa kwenye friji. Nikabonyeza mara tano au sita, kizibo kikagoma. Nikaiacha mezani na sindano ndani yake nikaenda kutafuta taulo. Sijafika mlangoni nikasikia kishindo: kizibo kimeruka pamoja na kizibuo, mvinyo umemwagika. Tangu siku hiyo naogopa kukishika. Jirani ananiambia chupa inaweza kulipuka, na kwamba gesi hiyo ni sumu inayoingia kwenye mvinyo. Je, nikitupe? Na kama nitaendelea nacho, nifanyeje?”

Shikamoo, na pole kwa mshtuko. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nashukuru kwamba uliandika mambo mawili ambayo wengi hawayataji: kwamba kopo ni la R134a, na kwamba chupa iliyogoma ilitoka kwenye friji. Hayo mawili yakiwekwa pamoja, karibu kila kitu kilichokutokea kinaeleweka.

Nikujibu kwanza lile kubwa: usikitupe. Lakini usikitumie kwa kila chupa, na chupa ya baridi usiifungue nacho tena. Jirani yako yuko sahihi kuhusu chupa kuweza kupasuka, ingawa si kwa chupa anazozidhania. Kuhusu sumu, hapo amekutisha bure.

Tuanze na kilichomo shingoni mwa chupa. Kizibo cha asili hukatwa kwenye gome la mwaloni uitwao Quercus suber, mti wa nchi za Mediterania, na Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa gome hilo. Kabla ya kuingizwa chupani kizibo huwa na kipenyo cha milimita 24 hivi. Mashine hukibana na kukisukuma ndani ya shingo ambayo upana wake wa ndani ni kama milimita 18.5. Gome lile limejaa vijumba vidogo mno vilivyofungwa, kila kimoja na hewa yake, ndiyo maana hubanika bila kuharibika na kisha likatumia maisha yake yote kutaka kurudi katika unene wake wa mwanzo. Huko kuisukuma shingo kutoka ndani ndiko kunakozuia mvinyo usivuje, na ndiko kunakokushinda wewe na vidole vyako.

Kizibuo cha skrubu hushika kizibo na kukivuta kutoka juu. Cha gesi hakivuti chochote. Sindano hupenya hadi upande wa pili, gesi ikaingia kwenye nafasi finyu iliyo kati ya kizibo na mvinyo, na gesi hiyo ndiyo inayokisukuma kizibo kutoka chini. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: urefu wa sentimita moja na nusu hivi, ujazo wa kama kijiko kimoja cha chai. Mvinyo ulio chini yake haubanwi, kwa hiyo gesi haina pa kwenda ila kusukuma juu. Ukipima eneo la sehemu ya chini ya kizibo, utaona kwamba kila bar 1 (bar ni kipimo cha presha) inayozidi hewa ya nje inakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2.7 hivi. Bar 4 ni karibu kilo 11.

Sasa hiyo R134a. Ndani ya kopo lako haikai kama hewa iliyoshindiliwa. Imekaa kama kimiminika, na ni jamii ileile iliyotumika kwa miaka mingi kwenye viyoyozi vya magari na friji. Huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikipata upenyo tu inageuka gesi. Jambo la kushika hapa ni kwamba kimiminika cha aina hii hakitoi presha yoyote unayoitaka. Presha yake huamuliwa na joto la mahali kilipo. Kwenye chumba cha nyuzi 20 inafikia kama bar 4.7 juu ya hewa ya nje, na hiyo ni sawa na kilo 13 hivi chini ya kizibo. Kwenye nyuzi 5, ambazo ndizo za friji, haivuki bar 2.5, yaani karibu kilo 7. Kwenye nyuzi 40 inapanda hadi bar 9.

Ukishaliona hilo, chupa zako mbili zinajieleza zenyewe. Ile ya kabatini ilipata msukumo kamili na kizibo kikaja. Ile ya friji ilikuwa na shingo ya baridi, mvinyo wa baridi na kijiko kimoja cha nafasi ya baridi. Gesi ilipoingia ilipoa, presha ikaishia pale baridi inaporuhusu, na kizibo kikakaa. Wewe ukabonyeza tena, kama ambavyo yeyote angefanya. Lakini kubonyeza zaidi hakukuongeza presha ya wakati ule. Naamini kulichofanya ni kulundika pale chini ya kizibo R134a ambayo haikuweza kuwa gesi, ikabaki kimiminika ikisubiri joto. Kisha ukaiacha chupa mezani. Shingo ni sehemu nyembamba, hupata joto la chumba upesi kuliko tumbo la chupa. Presha ikaanza kupanda polepole bila mtu kugusa kitu, ikafika pale kizibo kinapoachia, na kwa kuwa kulikuwa na akiba ya kimiminika nyuma yake, kikatoka kwa fujo.

Nimefundisha wahudumu wa meza kwa muda mrefu, na kosa hilohilo nimeliona kwa vijana wenye mikono imara kabisa. Sababu yake naijua. Kizibuo cha skrubu huzungumza na mkono: kizibo kikikaza unasikia, kikianza kulegea unasikia, kikitaka kukatika unasikia. Cha gesi hakikuambii lolote. Kidole kinabonyeza kitufe kilekile kwa ulaini uleule iwe ndani kuna bar 1 au bar 5. Kwa hiyo mahali ambapo mkono ungekuonya, inabidi uweke kanuni na kuishika. Nitakupa yangu baadaye kidogo.

Tuje kwenye chupa kulipuka. Kioo cha chupa ya mvinyo wa kawaida hakikutengenezwa kwa ajili ya presha. Chupa ya shampeni huvumilia bar 5 au 6 siku zote, lakini ndiyo maana kioo chake ni kinene na chupa tupu ni nzito hata mkononi unaona tofauti. Chupa ya kawaida ni nyepesi zaidi, na ikiwa na ufa usioonekana au mkwaruzo wa ndani ndani, presha inaweza kuutafuta. Kinachokulinda ni udogo wa ile nafasi. Kijiko cha chai cha gesi, hata kwenye bar 5, kina nguvu kidogo ya kutapanya vitu: kioo kikiachia, presha inakwisha papo hapo, na mvinyo wenyewe hautanuki.

Hesabu hiyo inageuka kabisa chupa inapokuwa nusu tupu. Hili nataka ulisome taratibu, kwa sababu ndilo jambo la hatari kuliko yote na halisemwi inavyotakiwa. Mtu amekunywa nusu ya chupa, amerudisha kizibo kwa nguvu, kesho yake kimekaza, anachukua kizibuo cha gesi. Sasa gesi haijazi kijiko cha chai, inajaza karibu robo tatu ya nusu ya lita. Presha ni ileile, lakini nguvu iliyohifadhiwa mle ndani imeongezeka zaidi ya mara sabini. Chupa ikipasuka katika hali hiyo, vipande vinarushwa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kwa kidogo tu, haikutani na kizibuo cha gesi. Wala chupa tupu, hata kwa kujaribu kama kifaa kinafanya kazi.

Kuna mfano wa hadharani unaofundisha jambo hili. Coravin ni kifaa cha Marekani kilichoanza kuuzwa mwaka 2013. Hakitoi kizibo, sindano yake nyembamba huingiza gesi ya argoni na kuusukuma mvinyo utoke kwa sindano hiyohiyo, kisha kizibo kikajifunga chenyewe kikichomolewa. Watu wengi hukichanganya na kizibuo kama chako, lakini kazi yake ni nyingine: kumimina glasi moja leo na nyingine mwezi ujao. Kwa hiyo ni kawaida yake kuweka gesi kwenye chupa ambazo zimepungua. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliwaomba wateja waache kukitumia kwa muda, baada ya taarifa za chupa kadhaa kupasuka, kisha ikawapa mfuko wa kuvalisha chupa. Fikiria kwamba ni kampuni inayojua kazi yake, inayotumia gesi kwa kipimo, na bado iliona chupa zivalishwe. Wewe nawe valisha. Taulo nene linatosha.

Chupa nyingine za kuziacha ni hizi: zenye umbo lisilo la mviringo, kwa mfano za pembe nne au bapa, kwa sababu presha hupenda kuvimbisha ubapa na kioo hakijui kuvimba, zenye mkwaruzo mkubwa, kipande kilichomeguka mdomoni au kapovu kakubwa ndani ya kioo, na zote za mvinyo unaotoa povu. Za povu tayari zina presha yao, na vizibo vyake vya umbo la uyoga vimetengenezwa kutolewa kwa mkono. Ukiongeza gesi juu ya ile iliyomo, unaongeza shari. Vizibo vya plastiki navyo si marafiki wa sindano. Huingia kwa shida, na sindano inaweza kupinda.

Sasa sumu. R134a imetumika kama gesi ya kusukumia dawa kwenye vile vipuliza vya wagonjwa wa pumu, yaani watu wameivuta moja kwa moja mapafuni kwa makusudi ya tiba na kwa kipimo. Ile inayogusa mvinyo wako inaugusa kwa sekunde chache, juu juu, kisha kizibo kinatoka na gesi inatoka nacho. Kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, haina hamu ya kukaa kwenye glasi. Sijawahi kuihisi kwenye ladha. Katika ile chupa iliyoruka, ambapo yaelekea kulikuwa na kimiminika kidogo, ningeiacha wazi robo saa kabla ya kumimina, na hilo linatosha. Hewa ya kawaida inayoingia wakati wa kumimina huubadilisha mvinyo zaidi kuliko gesi hiyo.

Hatari ya kweli ya R134a iko kwingine, na mara mbili. Kwanza, ikitoka ikiwa kimiminika na kukugusa, inaunguza ngozi kwa baridi, kama barafu kali. Pili, haiwaki moto kwa kawaida, lakini ikipita kwenye mwali huvunjika na kutoa moshi wenye asidi kali. Kwa hiyo usifungulie chupa kando ya jiko linalowaka, wala usiliache kopo ndani ya gari lililoegeshwa juani. Umeona hapo juu presha inavyofika kwenye nyuzi 40. Ndani ya gari joto hupita hapo. Na tafadhali usije ukashauriwa kulipasha kopo kwa maji ya moto ili “lipate nguvu”. Nimewahi kusikia ushauri huo ukitolewa kwa nia njema, na ni mbaya.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu gesi hii ambalo linanigusa. Haidhuru mvinyo wako, lakini ikiwa angani hushika joto la dunia kwa kiasi cha mara 1,430 ya kabonidioksidi yenye uzito sawa, kwa kipimo cha miaka 100. Ni kwa ajili ya gesi za ukoo huu nchi za dunia zilikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Kijiko kimoja kwa wiki hakiwezi kulaumiwa kwa mengi. Lakini ukinunua kingine siku zijazo, tafuta kinachotumia argoni, au zile gesi mpya zenye athari ndogo zaidi.

Na hapo tuseme machache juu ya kuchagua, kwa sababu vizibuo hivi hufanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani. Cha kwanza kuangalia ni jina la gesi. Kopo lisilotaja gesi yake liache. Cha pili, sindano iwe na tundu ubavuni, karibu na ncha, badala ya kwenye ncha yenyewe; tundu la kwenye ncha huzibwa na chembe za gome. Cha tatu, pawe na ganda la kufunika shingo ya chupa wakati wa kubonyeza, na namna ya kusukuma kizibo kitoke kwenye sindano bila kidole kukaribia ncha. Kama kina vali ya kuachia presha inayozidi, bora zaidi.

Cha nne ni onyo, na nitalisema kwa nguvu. Usitie kopo la aina nyingine kwa sababu tu linaingia. Vile vichupa vidogo vya chuma vya kabonidioksidi, vinavyotumika kujazia matairi ya baiskeli au kutengenezea soda, kwenye nyuzi 20 vina presha ya kama bar 57. Rudi kwenye hesabu yetu ya kilo 2.7 kwa kila bar: hiyo ni zaidi ya kilo 150 chini ya kizibo, na bar zilezile kwenye kuta za chupa. Vipo vifaa vilivyojengwa kwa gesi hiyo, vyenye kidhibiti kinachoishusha presha kabla haijafika kwenye sindano. Chako hakikujengwa hivyo.

Vipo pia vya pampu ya mkono, sindano ileile lakini unapampu hewa kama ya tairi. Havina kopo la kununua wala la kutupa, na vina ubora mmoja ninaoupenda: mkono unasikia presha inavyopanda. Kwa mtu mwenye viungo vizima ningevipendekeza kabla ya vya gesi. Kwako, kupampu mara nyingi kwa kiganja kinachouma ni kukuhamisha kutoka maumivu haya kwenda mengine.

Ukiamua kuendelea na chako, ningekuomba ufanye hivi. Chupa iwe na joto la chumba. Mvinyo mweupe ufungue kwanza, halafu uuweke kwenye friji ukiwa umerudishiwa kizibo kwa wepesi. Kwa saa chache hautapoteza kitu. Ondoa lile karatasi la bati lote shingoni, usitoboe juu yake, kwa sababu linaweza kukishikilia kizibo kwa muda kisha likaachia ghafla. Chupa isimame mezani, juu ya kitambaa kisichoteleza, ikiwa imezungushiwa taulo nene kuanzia chini hadi mabegani. Isishikwe mapajani, wala kwapani, wala isilazwe.

Ingiza sindano katikati kabisa, wima, kwa kusukuma polepole. Usiizungushe kwa kulazimisha. Hapa kuna siri ndogo: kama ncha haijatokea upande wa pili, gesi haiendi popote, maana vile vijumba vya gome vimefungwa. Watu hubonyeza, hakuna kinachotokea, wanadhani kopo limekwisha. Vizibo hutofautiana urefu, kuanzia milimita 38 hadi karibu 50, kwa hiyo shusha sindano hadi mwisho wake kabla ya kugusa kitufe.

Kisha simama wima, uso wako na wa mwenzako usiwe juu ya chupa. Kama huvai miwani, vaa ya kinga. Bonyeza kwa muda mfupi kuliko kusema “moja”. Achia. Hesabu hadi kumi. Kizibo kinachotaka kuja kitaanza kupanda wakati wa hesabu hiyo, na mara nyingi kitamaliza chenyewe kwa mlio mdogo. Kikisimama njiani, bonyeza mara ya pili, vilevile kwa ufupi, na hesabu tena.

Hakuna mara ya tatu. Hiyo ndiyo kanuni niliyokuahidi. Mara mbili zikishindikana, tatizo si uchache wa gesi: ama shingo ni baridi, ama sindano haikufika, ama kizibo kimegandia kioo, na hakuna kati ya hayo linalotibiwa kwa kuongeza.

Chupa ikigoma, achia kitufe na usiguse kitu kwanza. Funika kizibuo na shingo kwa taulo la pili, sogea mbali, iache imesimama dakika kumi na tano. Usiichukue kuipeleka kwenye friji wala kuiweka kwenye maji ya moto. Mara nyingi gesi hupenya taratibu kando ya kizibo au kando ya sindano. Ukirudi, ukiwa umeshika juu ya taulo, vuta sindano nje polepole na wima. Ukisikia mfyonyo wa gesi, ni habari njema, acha uishe. Subiri tena kidogo. Baada ya hapo chupa hiyo ni ya kizibuo cha skrubu na mikono ya mtu mwingine, taulo likiwa bado limeizunguka. Tundu la sindano halitamzuia.

Chupa ikifunguka vizuri, kazi haijaisha. Kizibo bado kimo kwenye sindano, na hapo ndipo vidole huchomwa. Kitoe kwa ile sehemu ya kifaa ya kusukumia kizibo, ncha ikielekea mezani, bila kugusa kitufe, kisha fungia sindano kwenye kifuniko chake. Kwa vidole visivyotii haraka, hatua hii naiona ya hatari kuliko ule mlio wa kizibo.

Mvinyo mkongwe ni habari tofauti. Gome lililokaa miaka 20 au 30 huwa limelegea na kulowa, gesi hupita kando yake, au kipande cha juu hutoka na cha chini kikabaki. Kwa chupa hizo natumia kizibuo cha bapa mbili nyembamba, zinazoteleza kati ya kizibo na kioo. Huhitaji kutikisa na kuzungusha kidogo kidogo kwa utulivu, kwa hiyo mpe mtu anayejua.

Sasa unaniuliza kimyakimya swali ambalo hukuliandika: je, kwa mikono yangu, hiki ndicho kifaa bora? Nitakuambia ninavyoona. Kwa baridi yabisi, kinachouma kuliko vyote ni kuminya na kuzungusha kwa pamoja, na cha gesi kimekuondolea hilo. Bado kinakudai kusukuma sindano wima kwa kiganja, kukata karatasi la bati, na kutoa kizibo kwenye sindano. Kizibuo cha umeme cha betri kinakudai karatasi la bati tu, mengine hapana: unakiweka juu ya shingo, unashikilia kitufe, skrubu inaingia na kukitoa kizibo yenyewe, na kitufe cha pili kinakitema. Ni kizito kidogo na kinahitaji kuchajiwa, na kwa vizibo vikongwe hakifai pia. Lakini hakiweki presha kwenye chupa, kinafungua ya baridi na ya joto sawasawa, na nusu ya maelezo niliyokupa juu hayakihusu. Kama ungekuwa mama yangu ningekununulia hicho, na cha gesi kingebaki kwa siku ambazo betri imekwisha na chupa iko kabatini. Na chupa za kifuniko cha kuzungusha usizidharau. Kuna mvinyo mzuri sana humo, na kipande cha mpira kiganjani hukirahisisha kifuniko.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kipande cha kioo kikiingia jichoni, au kizibo kikikupiga jicho, usisugue, usioshe kwa nguvu, funika bila kubana na uende hospitali saa hiyohiyo hata kama unaona vizuri. Ngozi ikiguswa na kimiminika cha gesi, iweke kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Ikiwa nyeupe, ngumu au isiyohisi, mwone daktari siku hiyo. Sindano ikikuchoma kidole gesi ikiwa inatoka, nenda hospitali hata kama tundu ni dogo na maumivu ni madogo, kwa sababu gesi yenye presha inaweza kuingia chini ya ngozi na kuenea bila kuonekana.

Na vidole vyenyewe. Umesema “siwezi tena” kana kwamba jambo limekwisha amuliwa. Kama ukakamavu umeongezeka miezi ya karibuni, kama asubuhi unachukua zaidi ya nusu saa kulegea, au viungo vimevimba na vina joto, usiishie kwenye kununua vifaa. Mwone daktari, maana baadhi ya aina za ugonjwa huo hutulizwa vizuri zikiwahiwa. Uliza pia kama kuna mtaalamu wa tiba ya mikono. Nenda na kizibuo chako ukamwonyeshe unavyokishika. Ataona kwa dakika moja jambo ambalo mimi siwezi kuliona kutoka kwenye barua.

Kwa chupa yako inayofuata, chagua ya mviringo, mpya, yenye kizibo cha gome, ambayo imelala kabatini wala haijaonja friji. Mwite mwanao awepo, yeye asimame upande wa pili wa meza na kizibuo cha skrubu mfukoni. Bonyeza wewe.